Chupa Tatu Mezani: Mlima Meru, Maji Yake na Meno Yangu

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu, wazazi, na ninyi vijana wa sanaa mliokaa viti vya nyuma kabisa kama watu wanaotaka kutoroka mapema, habari za asubuhi. Itifaki imezingatiwa.

Juu ya meza hii nina chupa tatu. Ni chupa za plastiki za nusu lita, nimezibandua lebo na kuziandika A, B na C kwa kalamu ya wino mzito. Zote zina maji. Kabla sijasema neno lingine, naomba mmoja wenu aje achague ile ambayo angeinywa.

Asante, binti. Mmemwona alivyofanya? Kazishika moja moja, kaziinua kwenye mwanga wa dirisha, kafungua vizibo na kunusa kama mama anayechagua samaki sokoni. Kachagua C. Nimemuuliza kwa nini, amesema, "Inaonekana safi zaidi, Mama." Haya, rudi nayo kitini kwako. Usiinywe kwanza. Tutakukumbuka.

Mimi si msanii. Ni fundi sanifu wa maabara ya maji. Chupa kama hizi huletwa kwangu kutoka vijijini, nazipima, naandika namba kwenye daftari, nageukia chupa inayofuata. Walioandaa mkutano huu waliponipigia simu kwamba nije kuzungumza na wanafunzi wa sanaa, nilidhani wamekosea namba. Wakasema mada ni jinsi sanaa na sayansi zinavyoutazama uhusiano wa volkano na maji. Nikawaambia, kama ni hiyo hamjakosea, hiyo mada ninayo mdomoni.

Na sikusema hivyo kwa mafumbo. Walioko mbele wameshaona. Walioko nyuma, nitacheka kwa nguvu ili na ninyi mpate kuona. [Kicheko.] Haya meno yana rangi ya kahawia, yana mistari, na hapa mbele yana vishimo vidogo vidogo kama ukuta wa udongo uliopigwa na mvua ya mawe. Sijawahi kuvuta sigara. Nilizaliwa na kukulia upande wa mashariki wa Mlima Meru, maeneo ya Maji ya Chai. Ukitaja Maji ya Chai kwa mtu wa Arusha, hukuangalia mdomoni kwanza ndipo anakuangalia machoni.

Tulipokuwa watoto tulisugua meno kwa mchanga na mkaa mpaka fizi zikatoka damu. Bibi yangu alitutazama tu, yeye mwenyewe akiwa na meno kama yetu. Nilipofika Dar es Salaam chuoni, siku ya kwanza, kabla sijataja jina langu, mwenzangu mmoja aliniambia, "Wewe wa Arusha." Hicho kilikuwa kitambulisho changu miaka mingi kabla ya NIDA kuanza kutoa vya kwake. Na kwenye ofisi moja nilikokwenda kuomba kazi ya kupokea wageni, bwana aliyenihoji aliongea nami robo saa nzima akiutazama mdomo wangu, kisha akasema nafasi imeshajazwa. Namshukuru. Kama angenichukua, leo nisingekuwa mbele yenu.

Kilichonipata ni hiki. Maji tuliyokunywa yana floraidi nyingi. Floraidi kidogo huimarisha jino, ndiyo maana imewekwa kwenye dawa ya mswaki. Ikizidi, huharibu enameli, lile gamba gumu la nje la jino, wakati jino bado linaundwa ndani ya ufizi, katika ile miaka minane hivi ya kwanza ya mtoto. Kwa hiyo jino halichafuki baada ya kuota. Linaota likiwa limeshaandikwa. Unaweza kuhamia Mwanza ukiwa na miaka kumi na mbili ukanywa maji ya ziwa hadi uzee, maandishi yako palepale. Na mtoto akiendelea kunywa maji makali miaka nenda rudi, floraidi huingia mpaka kwenye mifupa. Miguu hupinda, mgongo hukakamaa. Kwetu kuna watu wazima ambao hawawezi kugeuza shingo bila kugeuza na mwili.

Sasa mlima unaingiaje hapa?

Meru una mita 4,566. Watalii huupita wakikimbilia Kilimanjaro, na wengi hawajui kwamba ni volkano ambayo bado haijafa. Mara ya mwisho ulitoa majivu mwaka 1910, kidogo tu. Lakini maelfu ya miaka iliyopita ubavu wake wote wa mashariki uliporomoka. Ukipanda leo ukasimama juu ya ukingo, unaona bonde lenye umbo la kwato ya farasi, limefunguka kuelekea Kilimanjaro, na katikati yake kimesimama kichuguu kikubwa cha majivu. Ule ubavu ulioanguka haukutoweka. Ulishuka kama uji wa mawe, tope na majivu, ukamwagika nyanda zote za chini. Vile vilima vidogo vidogo vya kuelekea Momella, ambavyo tulichungia mbuzi bila kuwaza lolote, ni mapande ya mlima. Maziwa ya Momella yametuama kwenye mashimo yaliyobaki kati ya mapande hayo.

Mvua inayonyesha juu ya Meru haina floraidi ya kutaja. Ni maji ambayo mlima bado haujasema nayo. Yakishaingia ardhini ndipo mazungumzo yanapoanza, na huku kwetu mashariki yanapita katikati ya yale mabaki ya ule mporomoko, majivu na mawe yaliyosagika, ambayo hutoa floraidi upesi. Kadiri maji yanavyokaa ndani muda mrefu ndivyo yanavyotoka na mengi ya kusimulia. Chemchemi za juu msituni mara nyingi ni nzuri. Za chini, ambako watu ndiko walikojenga, ndizo zenye matatizo.

Ila floraidi iko kwenye miamba ya sehemu nyingi za dunia, mbona meno ya watu hayajawa kama haya? Hapa nawaomba vijana wa sanaa wanivumilie dakika mbili, kuna kemia, lakini ni kemia ya ndoa. Floraidi ikikutana na kalisiamu ndani ya maji, hushikana, wakaganda pamoja kuwa jiwe, wakatulia huko huko chini. Miamba ya volkano zetu za Bonde la Ufa ina sodiamu nyingi na kalisiamu haba. Kwa hiyo floraidi inazunguka na maji bila wa kuishika mkono, mpaka inafika bombani, inaingia kwenye ndoo, kisha kwenye kikombe cha mtoto. Anayeipokea hatimaye kwa kalisiamu ni jino la mtoto. Nisubirini, nitarudi kwenye sentensi hiyo.

Momella yenyewe sisemi sana. Kwenye maziwa yale floraidi inafika mamia ya miligramu kwa lita, na heroe wanasimama mle kwa mguu mmoja, wala hawana habari. Tunaowapigia picha ndio wenye shida. Halafu mama zetu, kana kwamba maji hayatoshi, wakipika makande huongeza magadi ili maharage yaive upesi, na magadi nayo hutoka kwenye maziwa ya volkano na floraidi yake. Makande ya mama yangu yalikuwa matamu sana. Siwezi kusema uongo kwa ajili ya afya ya jamii. [Kicheko.]

Nilipojiandaa kwa ajili ya leo nilitafuta ni nani mwingine duniani amewahi kuandikwa meno na volkano. Nikafika Aisilandi. Tarehe 8 Juni 1783 ardhi ya huko ilipasuka mahali paitwapo Laki, ikatoa lava kwa miezi minane. Pamoja na lava ilitoka gesi yenye floraidi, tani milioni 8 hivi, ikatua juu ya majani. Kondoo wakala majani. Takriban kondoo wanane kati ya kumi walikufa, na nusu ya ng'ombe na farasi. Meno yao na mifupa yao ikaota vinundu. Watu nao wakafa kwa njaa, karibu mmoja kati ya watano au zaidi. Nilisoma habari hizo usiku, nikajikuta napitisha ulimi juu ya meno yangu. Kondoo wa Aisilandi na mtoto wa Maji ya Chai ni ndugu wa tumbo moja, ila wao walikula juu ya majani na sisi tulikunywa kisimani.

Nikiwa bado naitafuta Aisilandi nikakutana na msanii wa Kimarekani, Roni Horn. Mwaka 2007, katika mji mdogo wa Stykkishólmur, alichukua jengo lililokuwa maktaba, vitabu vikiwa vimeshaondolewa, akasimamisha ndani yake nguzo 24 za kioo kutoka sakafuni hadi darini. Kila nguzo imejaa maji yaliyotokana na barafu ya sehemu mojawapo ya nchi ile. Na Aisilandi barafu na volkano havikai mbali, mara nyingi moja imekalia nyingine. Mwaka 1996 volkano ililipuka chini ya barafu kubwa ya Vatnajökull, barafu ikayeyuka kutoka chini, maji yakajikusanya wiki kadhaa kisha yakatoka kwa mkupuo mmoja na kung'oa madaraja. Horn hakutuonyesha mafuriko. Alisimamisha maji wima, yametulia, unapita katikati yake kama unayepita kwenye shamba la migomba, na mwanga unapinda kila ukigeuka.

Sijafika huko. Nimeona picha tu, na huwa siamini sana picha za kazi za sanaa, kama nisivyoamini sampuli iliyochotwa na mtu mwingine. Lakini nilichokiona kilinikaa. Kwanza, nilicheka kidogo, maana sisi sampuli ya floraidi hatuihifadhi kwenye kioo. Floraidi na kioo havielewani, ndiyo maana chupa zangu hizi ni za plastiki. Fundi yeyote wa maabara angeyatazama yale mabomba ya kioo akaguna. Pili, nguzo zote 24 karibu zinafanana! Nyingine zina mchanga mwembamba uliotuama chini, nyingine zina ukungu kidogo, lakini jicho la kawaida linaona maji tu. Na tatu, hili ndilo lililoniuma. Yule mama ameyaweka maji. Sisi tukishapima, tunamwaga. Maji niliyoyapima kazini kwangu yangejaza mabwawa, yote yamekwenda kwenye sinki. Kilichobaki ni daftari lenye namba, na daftari hilo hakuna mtu anayelitembelea siku ya Jumapili akiwa na watoto wake.

Nikajiuliza, hivi namba ikitaka kuonekana ifanyeje?

Mtu mmoja alipata jibu hapa jirani, Mlima Kenya. Nao ni volkano, ya zamani sana, iliyokwisha kuzimika na kuliwa na mvua na barafu mpaka ikabaki vile vilele vilivyochongoka. Kwenye barafu iitwayo Lewis, wapimaji wamepanda na vifaa vyao kwa vizazi kadhaa, kwa hiyo kuna ramani zinazoonyesha ukingo wa barafu ulikuwa wapi mwaka fulani na mwaka fulani, 1934 ikiwa mmojawapo. Mwaka 2014 mpiga picha Mwingereza aliyezaliwa Lagos, Simon Norfolk, alizichukua zile ramani akapanda nazo. Usiku, akaiacha kamera wazi muda mrefu, akatembea na mwenge unaowaka akifuata mstari wa ramani juu ya mawe makavu. Mtu anayetembea gizani haonekani kwenye picha ya namna hiyo. Kinachobaki ni mstari wa moto, umekatiza mlimani, na barafu halisi iko mbali kule, imejikunyata, imeuacha mstari wake.

Hiyo kazi naipenda, na nitawaambia kwa nini kama mtu wa maabara. Hakubuni mstari. Angeweza kuuchora popote penye mandhari nzuri, nani angejua? Aliufuata ule waliouacha wapimaji. Daftari la watu waliopanda na minyororo ya kupimia likawaka moto usiku mmoja, na mtu asiyejua kusoma ramani akaelewa. Halafu amechagua moto kuonyesha mahali ambapo maji yaliyoganda yalikuwa, juu ya mlima ambao wenyewe ulizaliwa kwa moto. Namba za ramani peke yake zisingeweza kusema hivyo.

Ila nina neno langu dogo. Barafu imepata wapiga picha wengi mno. Kila anayekuja huku kwetu kuzungumza habari za milima na maji anaielekeza kamera juu, kwenye weupe. Mwaka 1848 mmisionari Rebmann alipoona weupe juu ya Kilimanjaro, alimuuliza kiongozi wake wa msafara ni nini kile. Yule bwana, mzoefu wa njia za bara, akamjibu kwa neno moja ambalo Rebmann aliliandika kama "beredi". Baridi. Waliokuwa Ulaya wakabishana kwa miaka iwapo theluji inaweza kuwepo karibu na ikweta. Mimi nabaki na jibu la yule bwana. Hakutaja rangi yake. Alitaja unachoufanyia mwili. Wachaga waishio chini ya mlima, na Wameru, na Waarusha, na Wamasai wa nyandani, wameijua milima hii kwa miili, kwa ubaridi wa asubuhi kwenye mfereji, kwa uzito wa dumu begani, na upande wetu kwa meno. Weupe wa juu ni wa kutazamwa. Nani atatuonyesha maji yaliyoko chini, yasiyo na rangi wala harufu, ambayo kila siku yanaingia kinywani?

Niliwahi kujaribu mwenyewe, na nilishindwa. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye kazi ya kupima vituo vya kuchotea maji, kijiji baada ya kijiji. Kituo kimoja kilinisomea 9. Nimeandika 9 kwenye daftari, nimefunga begi, na wakinamama wamepanga ndoo wanasubiri niondoke ili wachote. Nikaona aibu. Ndani ya gari kulikuwa na kopo la rangi nyekundu ya mafuta iliyobaki ya kuwekea alama kwenye mabomba. Nikachukua brashi, nikaandika kwenye zege la kituo, kubwa kama mkono wangu: 9. Sikuandika neno lingine.

Mtoto mmoja wa kiume akaniuliza, "Tisa ni nini?" Nikamwambia ni maji yenu, yanatakiwa yawe moja na nusu. Akatafakari, akageuka kwa mama yake, akasema, "Mama, maji yetu ni tisa." Kana kwamba tumeshinda mechi. [Kicheko.] Lakini mama yake hakucheka. Alisimama na ndoo yake tupu akiitazama ile namba muda mrefu, kisha akaniuliza, "Na bomba la jirani ni ngapi?" Alikuwa tayari kutembea. Aliuliza swali ambalo ripoti zangu zote hazijawahi kuulizwa na mtu.

Wiki iliyofuata ofisi moja ilinipigia simu. Nimetisha wananchi, nimeharibu miundombinu. Nikaambiwa nirudi nikafute. Nilirudi. Rangi ya mafuta haifutiki kirahisi kwenye zege, nikaipaka rangi ya kijivu juu. Nimepita pale mwaka jana. Kijivu kimebanduka, tisa imeanza kuchungulia tena. Sijamwambia mtu.

Kuhusu hiyo moja na nusu niliyomtajia mtoto. Miligramu 1.5 kwa lita ndicho kikomo cha Shirika la Afya Duniani, na leo ndicho cha Tanzania. Haikuwa hivyo wakati wote. Miaka ya 1970 nchi yetu iliweka kikomo cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, maana chini ya hapo ilikuwa ni kufunga visima nusu ya mkoa bila kuwa na vingine. Baadaye kikashuka hadi 4, kisha hicho cha sasa. Siwalaumu walioweka 8. Walikuwa na watu wenye kiu mbele yao. Lakini mimi ni mtoto wa miaka ya 1970. Wenzangu waliokunywa maji ya saba walikunywa maji halali. Maji hayakusogea hata hatua moja, mstari ndio uliosogea, na wao wakajikuta upande wa pili wakiwa na meno yao. Nikiiona ile picha ya Norfolk, mistari ya miaka mbalimbali juu ya mlima, huwa naiona na hii yetu. 8, 4, 1.5. Kama kuna kijana humu anatafuta kazi ya kufanya mwaka huu, mistari hiyo ipo bure, wala haihitaji kupanda mlima usiku.

Naahidi nimebakiza jambo moja tu, mshereheshaji ameshaanza kutazama saa.

Hapa Ngurdoto kuna kituo cha serikali cha utafiti wa kuondoa floraidi kwenye maji, na njia yao iliyojulikana zaidi ni mkaa wa mifupa. Mnachukua mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni, mnaisafisha, mnaichoma kwenye tanuri lenye hewa kidogo kwa saa nyingi. Ikitoka inasagwa, inachekechwa, inaoshwa, inajazwa kwenye ndoo yenye koki chini. Maji machafu ya floraidi yanaingia juu, yanatoka chini yakiwa yanafaa.

Uchomaji ndio ufundi wenyewe. Mfupa usioiva vizuri hutoka wa kahawia, nao unayatia maji harufu mbaya mpaka watu wanaikataa ndoo. Ukichomeka kupita kiasi unakuwa mweupe kama chaki, mzuri machoni, lakini nguvu yake imepungua. Mzuri ni ule mweusi. Fundi mzuri wa tanuri anajua kwa rangi na kwa mlio mfupa unapovunjika. Siku ya kwanza nilipowekewa mezani trei tatu, za kahawia, nyeusi na nyeupe, nilishika kipande cha kahawia nikakisogeza karibu na kioo cha dirisha, nikatabasamu kulinganisha. Rangi ilikuwa moja.

Wanakijiji wana maswali yao na ni ya haki. Mifupa ya mnyama gani? Amechinjwa na nani? Nani atatuambia ndoo ikichoka? Maana mkaa ukishashiba floraidi hauonyeshi dalili. Maji yanaendelea kutoka, safi vilevile, matamu vilevile, na hayajachujwa chochote. Lazima mtu apime.

Sasa ile sentensi niliyowaomba mnisubirie. Kwa nini mfupa? Kwa sababu mfupa umejengwa kwa madini ya kalisiamu na fosfati, na madini hayo yanaipenda floraidi, yanaikamata ikipita. Na madini hayohayo ndiyo yaliyojenga enameli ya jino. Siku mwalimu wangu aliponieleza hilo niliinamisha kichwa juu ya daftari nisionekane uso. Miaka yote niliamini kwamba meno yangu yaliharibika. Kumbe yalikuwa yanafanya kazi. Mimi na watoto wote wa upande ule tulikuwa ndoo za kuchujia, mlima umetujaza, hakuna aliyekuja kubadilisha mkaa.

Vijana wa sanaa, hapo ndipo ninapowakabidhi. Sina mkono wa kuchora, mmeona hata A, B na C nimeziandika vibaya. Daftari zangu ziko maabara, za miaka yote, kijiji kwa kijiji. Njooni mzisome. Mkitaka maji, sitayamwaga tena, nitawawekea, ila kwenye plastiki, tafadhali. Mkitaka meno, ninayo, na nina shangazi watatu na wajomba wengi ambao watakubali kupigwa picha ikiwa mtakuja na adabu, mtaamkia, na mtakunywa chai. Shangazi yangu mkubwa ameshasema yeye atacheka kwenye picha, maana kwenye picha ya arusi yake walimwambia afunge mdomo.

Binti, uko wapi? Inuka na chupa yako.

Chupa A ni maji ya mvua, nimekinga bati la nyumbani kwangu. Floraidi hakuna ya kutaja. Chupa B ni chemchemi ya juu, msituni, iko chini ya moja na nusu, unaweza kumpa mtoto. Hiyo C uliyoichagua kwa sababu inaonekana safi zaidi, ni ya chemchemi tuliyochota nilipokuwa mtoto. Nimeipima juzi kwa mikono yangu, imepita 10.

Naomba unirudishie, nina matumizi nayo. Maji yaliyo kwenye majagi mezani kwenu ni ya mvua, nimeyaleta mwenyewe kwa dumu. Kunyweni. Asanteni sana kunisikiliza.